Gauni la Wizara ya Maji

Mgeni alifika siku ya Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, dobi alipokuwa anatundika shati la kumi na nne. Lango la ua lilikuwa limefungwa kwa waya na dobi hakumsikia akiufungua. Alisikia viatu tu, chwa, chwa, chwa, kama vya mtu aliyetoka kuvuka mto, ingawa mtaa mzima ulikuwa mkavu na vumbi lilifika kwenye vifundo vya miguu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amevaa gauni la kijivu lililojaa mihuri, na amekumbatia faili. Alisalimia vizuri. Akasema anatafuta mahali pa kulala kwa siku chache, au wiki mbili mambo yakichelewa.

"Unatokea wapi, dada?" dobi aliuliza, vibanio viwili vikiwa mdomoni.

"Jengo la serikali, ghorofa ya tatu. Mimi ni Wizara ya Maji."

Dobi alitoa vibanio mdomoni, akavibana kwenye mabega ya shati.

"Karibu. Utalala na wifi yangu. Anakoroma, lakini ni mtu mwema."

"Mwongo huyo!" sauti ilitoka barazani, palipokuwa na meza ya kupigia pasi. "Anayekoroma ni yeye. Majirani wote wanajua."

Hakukuwa na la kushangaza. Uchaguzi wa jimbo ulikuwa umepita wiki tatu nyuma na hakuna chama kilichopata viti vya kutosha. Chama cha Kengele, Chama cha Ngazi na Chama cha Kitasa vilikuwa vimejifungia hotelini kuunda serikali ya mseto, na mawaziri wa zamani walikuwa wamekwisha kurudisha funguo. Kanuni za jimbo zinasema wazi kwamba wizara isiyo na waziri hairuhusiwi kulala jengoni. Kwa hiyo zilikuwa zimetoka, kila moja na faili lake, kutafuta pa kujihifadhi. Wizara ya Utamaduni, mzee mwembamba, ilikuwa tayari kwa kinyozi wa jirani, ikilala kwenye kiti cha kunyolea na kuamka ikiimba. Wizara ya Barabara ilisemekana kuwa imekaa pembeni mwa njia panda, inangoja lifti. Wizara ya Fedha peke yake haikulala nje hata siku moja. Vyama vyote vitatu vilikuwa vimeitayarishia chumba.

Pale uani palikuwa na bomba moja. Liliwekwa wakati mume wa dobi angali hai, baada ya barua nyingi, na kwa miaka michache lilitoa maji kila Jumatano. Kisha likaanza kuruka Jumatano. Sasa miezi minne ilikuwa inakwisha bila tone. Dobi na wifi yake walinunua maji ya mikokoteni, walifulia yale yale mara mbili, na wateja walikuwa wameanza kuhama, mmoja mmoja, kwa heshima.

Mgeni alivuta kigoda, akakaa karibu na bomba ili apumzishe miguu. Bomba likakohoa. Likatema kutu, likatema buibui, kisha likaanza kutiririka, maji mazito na baridi. Wifi aliacha pasi yake ya mkaa kwenye kigae, akaleta karai, akaliweka chini ya bomba.

"Shangazi," alimwambia mgeni, "wewe kaa hapo hapo. Chai utaletewa."

Hivyo ndivyo alivyopata jina. Mtaa mzima ukamwita Shangazi.

*

Siku zilizofuata zilikuwa njema. Majirani walikuja na ndoo alfajiri, wakapanga foleni bila kusukumana, kwa sababu hakukuwa na haja ya kusukumana. Dobi alisuuza mara tatu, anasa aliyokuwa ameisahau. Mashuka yalirudi kuwa meupe. Alipokunja suruali zilitoa sauti ya karatasi mpya. Jioni alikaa mlangoni, vidole vimekunjamana kwa maji, akavitazama kwa furaha kama mtu anayetazama bangili.

Siku ya tano akaja matroni wa chuo cha wauguzi. Alinusa shuka moja kambani, akageuza kola ya shati, akaangalia uzi mdogo mwekundu ulioshonwa kwa ndani.

"Huu uzi ni wa nini?"

"Alama, mama. Kila mteja ana rangi yake. Nguo zikichanganyika, uzi ndio unaosema hizi ni za mtu mmoja. Sijawahi kupoteza soksi."

Matroni akasema ataleta sare thelathini za majaribio. Zikiwa tayari Ijumaa ya wiki inayofuata, saa sita mchana, chuo kizima kitakuwa chake, na hospitali baada ya chuo. Alipoondoka, wifi alicheza kidogo na pasi mkononi, cheche zikaruka.

"Utaunguza nyumba," dobi alisema.

"Iungue. Maji yapo."

Shangazi hakuwa mgeni wa taabu. Alikula kidogo na kunywa sana. Mchana alisoma faili lake akiwa kwenye kigoda. Lawama moja tu ndiyo iliyosikika, nayo ilitoka kwa wifi.

"Godoro limelowa tena," alisema kila asubuhi. "Nimeamka kama nimelala mtaroni."

"Samahani, mwanangu. Ni hali yangu."

"Si kitu, Shangazi. Mume wangu wa kwanza alikuwa mbaya zaidi na hakuleta maji."

Gauni lake hakulivua, kwa kuwa hakuwa na jingine. Lilikuwa na mihuri kuanzia mabegani mpaka kwenye upindo, yote ya neno moja, IMEPOKELEWA, na tarehe chini yake. Siku moja dobi alikuwa akimshonea upindo uliofumuka, akaona mihuri sita iliyopangana.

"Hii sita ni ya mume wako," Shangazi alisema. "Alikuwa na mwandiko mzuri. Aliandika kuhusu hili bomba."

Dobi aliipitishia kidole, mmoja baada ya mwingine. "Barua zake zilijibiwa?"

"Ya sita ilijibiwa. Zile tano za kwanza zilipokelewa."

Dobi akakata uzi kwa meno, akaendelea na upindo.

*

Mstari wa kwanza ulitokea siku ya saba. Dobi aliuona saa saba mchana, wakati Shangazi anainuka kuchukua kikombe. Ulikuwa mstari wa chaki, wa vipande vipande, kama ule ambao fundi cherehani huchora kabla ya kukata. Ulipita kiunoni, juu ya gauni, ukaendelea kwenye ngozi ya mikono.

"Wamefika kwangu," Shangazi alisema kwa utulivu.

Juu ya ukuta kikatokea kichwa cha kinyozi. Kinyozi ndiye aliyekuwa na redio.

"Mmesikia? Baraza lilikuwa la mawaziri kumi na tisa. Sasa wamefika ishirini na saba! Ngazi wanataka nafasi mbili zaidi, na Kitasa wanasema wakikosa tatu wanarudi nyumbani kwao."

"Watazitoa wapi?" wifi aliuliza.

"Wanakata zilizopo. Utamaduni wangu wameshampa mstari wa shingoni. Hakasiriki, anaimba sauti mbili." Akafikiri kidogo. "Wakifika arobaini watakuja kuazima viti vyangu, nawaambia."

Dobi alichukua kitambaa na maji baridi, akafuta mstari kwenye mkono wa Shangazi. Ulitoka kwa urahisi. Saa kumi, kikao cha hotelini kiliporudi kutoka mapumziko, mstari ulirudi, sentimita mbili chini zaidi. Kesho yake ukaongezeka wa pili, kuanzia bega la kushoto mpaka nyonga ya kulia. Dobi alifuta yote miwili. Ikarudi. Alifuta kwa siku tatu, asubuhi, mchana na jioni, huku sare za wauguzi zikisubiri kwenye kikapu.

"Acha, binti yangu," Shangazi alisema. "Unachosha mkono. Kila nikifutwa wananijadili upya."

"Na siku ya kiapo?"

"Siku ya kiapo chaki huwekwa chini."

Dobi alisukuma karai pembeni, akakaa sakafuni mbele ya kigoda. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Basi asubuhi ya siku hiyo nitalifua hili gauni. Nitalifua, nitalipiga pasi, na utaingia mle ndani bila mstari hata mmoja. Nakuahidi."

Shangazi alitazama gauni lake kwa muda. "Nikiingia safi," alisema, "huenda wakaniona mzima."

"Watakuona."

"Huenda," Shangazi akarudia, na bomba lilivuma kidogo, kama linalosafisha koo.

*

Alhamisi saa kumi alasiri afisa wa itifaki alifika na gari jeusi. Alikuwa kijana mwenye adabu, amechoka, suti yake imekunjamana kiasi cha kumuumiza wifi macho. Akaeleza kwamba serikali imepatikana, mawaziri ni thelathini na wanne, kiapo ni kesho saa nne, na kwa mujibu wa kanuni wizara zote zilale jengoni leo, zikiwa zimevaa joho alilokuja nalo kwenye mfuko.

Shangazi alivaa joho. Alilikunja gauni, akampa dobi kwa mikono miwili.

"Nisomee hiyo karatasi yako, baba," wifi alimwambia afisa. "Shangazi wetu ameandikwaje?"

Afisa akasoma. Kengele walikuwa wamepewa Wizara ya Mito na Visima. Ngazi walikuwa wamepewa Wizara ya Matangi na Mabomba Makuu. Kitasa, ambao walikawia kusaini, walikuwa wamepewa Wizara ya Mvua.

"Na bomba letu hili?" dobi aliuliza.

Afisa aligeuza ukurasa, akarudi nyuma, akageuza tena. Alikuwa kijana mwaminifu na alitafuta kweli.

"Mito inaishia ukingoni," alisema. "Mabomba makuu yanaishia barabarani, pale kwenye mfuniko. Mvua inaishia kwenye paa. Bomba lako liko katikati, mama."

"Katikati ya nini?"

"Katikati tu. Nadhani walisahau. Walikuwa wamekaa siku nyingi." Alionekana kusikitika. "Andika barua."

Shangazi alimkumbatia wifi, akamkumbatia dobi, akawaacha wamelowa vifua. Kisha akatembea kuelekea langoni, chwa, chwa, chwa. Kiatu chake cha pili kilipovuka kizingiti, bomba likakata. Halikupungua kwanza wala halikutoa tone la kuagia. Majirani waliokuwa kwenye foleni walisubiri kidogo, wakainua ndoo zao, wakaagana vizuri na kwenda.

*

Lilibaki pipa moja, ambalo wifi alikuwa amelijaza kwa sababu hakuwahi kumwamini mtu yeyote kikamilifu. Maji ya pipa lile yalitosha sare thelathini za wauguzi, na yasingebaki ya kuoshea kikombe. Mikokoteni ya maji ilikuwa imehama mtaa tangu bomba lilipoanza kutoa maji.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi dobi alitoka na gauni la kijivu begani, malimau manne na kopo la chumvi. Wifi alikuwa amesimama mbele ya pipa, mikono kiunoni.

"Wifi, usinifanyie hivyo."

"Sogea hapo nipite."

"Hili gauni limeshika vumbi la miaka arobaini. Litakunywa pipa zima! Sare saa sita, umesahau? Chuo kizima! Hospitali!"

"Sijasahau."

"Isitoshe, ile ni serikali. Haijawahi kututimizia ahadi hata moja, na wewe unataka kumwaga pipa kwa ajili ya ahadi yako kwake?"

"Sikuiahidi serikali," dobi alisema. "Nilimwahidi mgeni aliyelala kitandani kwako."

Wifi alitazama mlango wa chumba chake. "Kitanda chenyewe hakijakauka," alisema. Akasogea. Baada ya muda akaenda kuwasha mkaa wa pasi.

Gauni lilikunywa pipa zima. Karai la kwanza lilitoka jeusi, la pili la rangi ya majivu, la tatu la rangi ya chai. Kwenye karai la nne mistari ya chaki iliachia na kuelea juu ya maji kama nyuzi, na dobi akaiondoa kwa kidole. Kwenye la sita ilionekana kwamba gauni halikuwa la kijivu. Kijivu kile kilikuwa vumbi la makabati. Gauni lilikuwa la samawati. Mihuri haikutoka, na dobi hakutarajia itoke. Ilisomeka vizuri zaidi kuliko mwanzo, ile sita ikiwa pamoja, na yeye aliisuuza kwa uangalifu kama vile angesuuza kola ya mume wake. Kwa maji ya mwisho alichanganya wanga. Kisha akachagua uzi wa njano, ambao haukuwa na mteja, akaushona kwa ndani shingoni.

Wifi alilipiga pasi, na hakuwahi kupiga pasi vizuri kama siku ile.

Matroni alikuja saa tatu, mapema kuliko alivyosema, kwa kuwa alikuwa akipita. Aliona kikapu cha sare jinsi kilivyokuwa, akaona pipa tupu, akaona gauni moja likining'inia kwenye hanga.

"Ni la kesho hili?"

"La leo, mama," dobi alisema. "Ni ahadi niliyompa mgeni wangu. Samahani sana."

Matroni hakugomba. Alisema wanafunzi wana zamu, akamwomba wifi amsaidie kubeba kikapu hadi kwenye gari. Aliligusa gauni akipita, akasema ni kazi nzuri.

*

Ukumbi wa kiapo ulikuwa na chumba cha pembeni ambamo wizara zilisubiri. Mlinzi alimruhusu dobi aingie, kwa sababu mtu anayebeba nguo iliyopigwa pasi huaminiwa kila mahali.

Shangazi alikuwa watatu. Walikaa kwenye benchi, wembamba, kila mmoja ana uso wake ule ule. Walikuwa na viatu viwili vilivyolowa kati yao, na wa mwisho, ambaye alikuwa Mvua, alikuwa peku. Walipomwona dobi walitabasamu kwa pamoja.

"Umelileta," alisema wa kwanza.

"Nilisema nitalileta."

"Ni la samawati," alisema wa pili. "Nilikuwa nimesahau."

Dobi alimpima wa kwanza kwa macho, kisha wa pili, kisha wa tatu. Gauni lingemmeza yeyote kati yao. Alifikiri kidogo, jinsi anavyofikiri mbele ya doa. Akatoa mfukoni sindano na kibiringo cha uzi wa njano, akapiga magoti, akashona alama ndani ya mkono wa joho la kila mmoja, mishono mitatu mitatu, mpaka uzi ukaisha.

"Ili vitu vya mtu mmoja visitawanyike," alieleza.

Kisha akafungua vifungo vya gauni, nao wakavua majoho, wakayashika mkononi, wakaingia ndani yake wote watatu kwa pamoja, mihuri yote ile ikiwazunguka. Liliwatosha. Dobi alifunga vifungo, akanyoosha kola, akafuta begani kitu ambacho hakikuwepo. Hakukuwa na mstari hata mmoja.

Waliingia ukumbini hivyo. Dobi alitazama kupitia kioo cha mlango. Afisa wa itifaki alinong'ona kwamba kila mmoja ana kiti chake, lakini walikaa kwenye kiti kimoja na viwili vikabaki vitupu. Mawaziri watatu wa maji waliapa, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti nzuri, na kila mmoja akamtazama mwanamke yule yule. Picha ikapigwa. Nje yalikuwa yanangoja magari thelathini na manne. Gauni lilivuliwa kwenye ngazi, likakunjwa, likawekwa kwenye gari la Mvua, kwa sababu yeye ndiye hakuwa na kiatu. Magari yao yakaenda pande tatu.

Dobi alirudi kwa miguu akiwa na hanga tupu. Barabara ilikuwa ndefu na vumbi lilikuwa lile lile, lakini alitembea polepole, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku kabla ya saa sita. Alipofika uani, wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha Shangazi. Chini ya bomba kulikuwa na ndoo.

"Lilitoka," wifi alisema. "Saa nne na dakika kumi. Nusu ndoo hivi, kisha likakata tena. Nimelipigapiga, wapi."

Dobi aliinama akatazama. Maji yalikuwa safi.

"Sare wamempa dobi wa ng'ambo ya soko," wifi akaendelea. "Chuo kimeenda, wifi yangu. Hospitali imeenda."

"Najua."

Kinyozi alitoa kichwa ukutani, akauliza kama kuna mtu anayetaka kiti, kwa kuwa sasa vyake vyote viko wazi. Kisha akarudi kwenye redio yake. Wifi alikuwa anaikagua hanga.

"Gauni lilimkaa?" aliuliza.

"Lilimkaa vizuri," dobi alisema, akaitundika hanga kwenye kamba.